Mbegu Katika Ghala la Fuko

Karoti ilianza kutikisika, na upepo haukuwepo.

Yusta Mgaya alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akichambua figiri katika bustani iliyo nyuma ya nyumba yake huko Ilomba. Ulikuwa mwezi wa saba, wakati ambao baridi ya Mbeya huingia mpaka kwenye mifupa na ukungu hukataa kuondoka hadi jua lipande. Majani ya karoti yakatikisika, yakatulia. Yakatikisika tena. Kisha yakaanza kushuka. Hayakuanguka, yalizama taratibu, kama mtu anayezidiwa na usingizi, mpaka kikabaki kishimo kidogo na jani moja la manjano ukingoni.

Yusta alibaki na figiri mkononi. Alikuwa akilima tangu alipoweza kuinua jembe, na sasa ni bibi mwenye wajukuu, lakini jambo hilo hakuwahi kuliona kwa macho yake. Alilisikia tu kwa mama yake, kule kwao Mufindi: fuko haji kula mezani kwako, huivuta meza nzima ikaenda kwake chini.

"Kumbe ni kweli," akajisemea. Wala hakukasirika. Hasira ilikuja baadaye, jua la Oktoba lilipowaka.

Bustani yenyewe haikuwa kubwa. Ilianzia kwenye mlango wa jikoni ikateremka mpaka kijitoni, na mtu aliyekubali kutulia humo mwaka mzima hakukosa cha kutazama. Mvua zikianza, vyura wa kijitoni walipiga kelele hata redio isisikike. Kinyonga alipanda kwenye maharage na kutembea kama mzee aliyesahau alikokuwa akienda. Mchicha ulipokomaa, chiriku walishuka kundi zima kula mbegu, na Yusta aliwaachia mashina ya pembeni, kama mama yake alivyokuwa akiwaachia. Hakuna mtaani aliyefanya hivyo tena. Majirani walikuwa wamemwaga zege uani kutoka ukuta hadi ukuta, wakijisifu kwamba sasa hawakanyagi tope, halafu jioni wakatuma watoto kununua mchicha uliomwagiliwa maji ambayo hakuna aliyetaka kujua yametoka wapi. Juu ya zege kinyonga hana la kufanya. Naye alishaondoka kwao.

Lakini roho ya bustani ilikuwa kona ya chini, kwenye tuta moja tu. Hapo ndipo Yusta alipopanda numbu.

Numbu ni viazi vidogo vya asili, virefu kama vidole vya mtoto na vyenye vinundu, ambavyo zamani watu wa nyanda za juu walivichemsha na chumvi na kula kabla ya kwenda shambani. Siku Yusta alipoolewa na fundi wa reli na kuletwa Mbeya, mama yake alimjazia numbu za mbegu kwenye kikapu, akampa bila neno. Yusta naye alipokea bila neno. Mbegu haishukuriwi. Ukishukuru, haioti. Hivyo ndivyo walivyofundishwa, na tangu hapo tuta lile halikulala tupu, hata mwaka alipomzika mumewe.

Kule kwao numbu zilikuwa zimekwisha. Mashamba ya mama yake yaligeuka msitu wa misonobari, na pasipo misonobari pana parachichi la kupeleka ng'ambo. Alipokwenda kwenye msiba wa dada yake aliuliza nani bado ana numbu. Vijana walitazamana, na mmoja akamwuliza kwa adabu kabisa, "Bibi, hiyo ni dawa ya ugonjwa gani?" Yusta alirudi Mbeya akijua kwamba tuta lake ndilo lililobaki, na kwamba siku likipotea hakuna mlango wa kubisha hodi na kikapu.

Kwa desturi, numbu za kula huchimbwa mapema, na za mbegu huachwa ardhini chini ya nyasi kavu, zingoje mvua. Oktoba ile Yusta alifunua nyasi ili azikague. Akachimba shina la kwanza. Udongo mtupu. Akachimba la pili, la tatu, akafika mwisho wa tuta kwa mikono, jembe amelitupa. Hakupata hata moja. Chini ya kila shina palikuwa na tundu laini la mviringo, limepita kama bomba.

Jirani yake Mwantumu, Mama Saida kwa wengi, ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka pwani, alichungulia juu ya ua wa michongoma.

"Shoga, umepoteza pete?"

"Heri ingekuwa pete, Mama Saida."

Jumamosi mwanawe Philbert alikuja kutoka Igawa, anakouza vipuri vya malori kando ya barabara kuu. Alipiga magoti akalitazama tundu, akatoa mfukoni kichupa cha vidonge vya sumu, vile vinavyotumika kufukiza mahindi ghalani.

"Tunaziba kila mahali, tunaingiza hivi, kesho hakuna fuko," alisema.

"Na numbu zangu?"

"Mama, numbu zimeshaliwa. Nitakuletea viazi vya mbegu, gunia zima."

"Numbu haziuzwi, Philbert. Ungenunua wapi? Kwa nani?"

Philbert alikuwa mtoto mwema. Alitaka tu kumtoa mama yake kwenye huzuni kwa njia anayoijua. Akaanza kufungua kichupa.

Hapo ndipo Yusta alipoikumbuka ile karoti. Mwenye njaa angeitafuna palepale chini. Yule aliivuta kwanza. Na kitu kinachovutwa hupelekwa mahali.

"Funga hicho kichupa," alisema. "Mama yangu alituambia, miaka ya njaa wanawake walifuata njia ya fuko mpaka ghalani kwake. Nikopeshe asubuhi hii tu. Nikikosa, tia sumu yako."

"Mama, tundu hili linaweza kufika mpaka kwa Mama Saida."

"Likifika kwangu nitalidai kodi," alisema Mwantumu, ambaye alikuwa ameshapita penye pengo la ua na kujifunga kanga kiunoni. "Haya, jembe jingine liko wapi?"

Walichimba. Philbert alipasua udongo, Yusta akafuata kwa vidole, asipoteze njia. Tundu lilipita chini ya karoti, likagawanyika, likarudi, likazunguka jiwe. Walikuta chumba cha kulala kilichotandikwa majani makavu yaliyochanwa nyuzinyuzi, laini kama pamba. Walikuta choo, kando kabisa, mbali na chumba.

"Huyu ana nyumba nzuri kuliko wapangaji wangu," Mwantumu akasema. Lakini alisema kwa sauti ya chini, na tangu hapo hakutania tena.

Mchepuko uliofuata ulikuwa umezibwa kwa udongo ulioshindiliwa. Yusta aliubomoa kwa kidole. Ndani kulikuwa na uwazi wa ukubwa wa chungu, na ndani ya uwazi huo numbu, zimepangwa, zimelazwa ubavu kwa ubavu, safi, hazina chembe ya uozo. Pembeni palikuwa na karoti. Yusta aliijua.

Yusta alitia mkono, akatoa numbu moja, akaipangusa kwa kanga. Kisha uso wake ukabadilika. Pale ambapo chipukizi hutokea palikuwa pameng'atwa, kijipande kidogo tu, kwa unadhifu. Akatoa nyingine. Imeng'atwa. Na nyingine.

"Amezikata zisiote," alisema pole pole. "Zikiota zinanyauka, chakula kinaharibika. Amezikata zote."

"Mnyama asiyeona," Mwantumu akanong'ona, "gizani kule, nani alimwonyesha chipukizi linatokea wapi?"

Yusta alichutama pale, numbu mapajani, na hakujua kama alie au afanye nini. Mbegu aliipata, na mbegu ilikuwa imezuiwa kuota. Lakini chini ya huzuni hiyo kulikuwa na kitu kingine, kile alichokuwa akikihisi utotoni mbele ya radi. Miaka yote hiyo alidhani tuta lile linatunzwa na yeye peke yake.

Aligawa numbu mafungu mawili. Moja akalitia kikapuni. La pili akalirudisha, akalilaza ubavu kwa ubavu, akaziba mlango kwa udongo na kuushindilia.

"Mama," alisema Philbert, "unamwachia mwizi?"

"Nikimwacha na njaa, mwakani atanitunzia nini?"

"Basi mshukuru kabisa," alisema Mwantumu.

"Mbegu haishukuriwi, Mama Saida. Twendeni tukanywe chai."

Philbert alikitazama kichupa, akakirudisha mfukoni.

Numbu za kikapuni Yusta alizilaza kwenye majivu na mchanga wenye unyevu, chini ya upenu wa jiko. Kila asubuhi alizifunua na kuzifunika. Philbert alipiga simu kutoka Igawa: "Zimeota?" Bado. Mvua za kwanza zilinyesha, vyura wakaanza. Philbert akapiga tena. Bado. Nyingine zilikuwa zimeanza kulegea. Majirani walipanda mashambani mwao mahindi ya pakiti ambayo mwaka unaofuata wangelazimika kuyanunua upya, na tuta la kona ya chini lilikuwa bado tupu.

Kisha asubuhi moja aliondoa majivu na kuona, ubavuni mwa numbu iliyonyong'onyea kuliko zote, mbali na pale jino lilipopita, nukta nyeupe, ndogo kama punje ya chumvi. Aliitazama mpaka miguu ikafa ganzi. Akaigeuza ya jirani yake. Nayo ilikuwa na nukta.

Alizibeba zote mpaka kona ya chini. Katikati ya tuta, usiku, fuko alikuwa ameinua kifusi cha udongo mbichi, bado una unyevu. Yusta alikizunguka, akapiga magoti upande wa pili, akaanza kupanda, kimya.