Bwana Aliyekataa Mashua ya Mbuzi

Watu wakisikia nimefika Karibi wananitolea macho, wanadhani nilikwenda kustarehe. Starehe gani! Nilikuwa yaya, nilikwenda kubeba mtoto wa watu na kutazama upumbavu kwa macho yangu mawili.

Enzi hizo Waingereza ndio wenye nchi, na bwana wangu alikuwa na shamba la kahawa juu ya Sekei, hapa Arusha. Mama yake alikuwa akiishi kwenye kisiwa kimoja kidogo huko Karibi, kisiwa ambacho hata Wazungu wenzake walikitafuta kwenye ramani wasikione. Siku moja ikaja simu ya maandishi: mama mgonjwa, hatapona, anataka amwone mwanawe kabla hajafa. Na mwana ni huyo huyo mmoja.

Sasa sikiliza. Baba yangu alipoletewa habari kwamba bibi, mama yake, amezidiwa, upande wa pili wa mlima, aliacha jembe pale pale kwenye mfereji akaenda na matope miguuni. Kwetu Meru ndivyo mtu anavyokwenda kwa mama yake. Bwana yeye alisema kahawa kwanza. Kahawa ikavunwa. Halafu suti: fundi Mhindi wa mjini akashona, ikabana kwapani, ikarudishwa. Halafu sherehe ya kuagana, wakanywa mpaka mmoja wao akalala juu ya maua ya memsahibu, mke wa bwana. Mfyuu! Mtu anakwenda kuuguza, anapigiwa santuri!

Tukapanda treni mpaka Mombasa, meli mpaka kwao Uingereza, na meli nyingine tena mpaka Karibi. Nilitapika mpaka nikatamani kufa. Memsahibu alilalamikia supu, bwana alicheza karata. Siku moja nilishindwa kuvumilia nikamuuliza, "Bwana, mama atatungoja kweli?" Akacheka, akasema mama yake ni mgumu, hafi upesi.

Tukateremka kisiwa kikubwa. Kutoka pale kwenda kwa mama ni safari ya siku moja tu, na bwana akampelekea simu kwamba tumefika. Na kweli Mungu si Athumani, asubuhi ile ile kulikuwa na mashua inaondoka, imepakia magunia ya chumvi, mbuzi, na akina mama weusi kama mimi wanaorudi kutoka sokoni. Nahodha akasema nafasi ipo. Bahari ilikuwa imetulia kama maji kwenye karai. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikabeba mzigo wangu.

Memsahibu akakunja pua. "Pamoja na mbuzi?" Bwana akaitazama suti yake. Suti, jamani! Akasema tutangoja meli ya barua, ile safi yenye viti, itakuja wiki ijayo.

"Wiki ijayo? Na mama je, Bwana?"

Memsahibu akaniambia nishike adabu yangu. Nikaishika. Mashua ikaondoka tunaitazama.

Wiki nzima walikaa hotelini wakinywa vinywaji vya barafu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini ya hao yalikuwa yamejaa, yataumiaje?

Meli safi ilipotufikisha, mpishi wa yule mama, mwanamke mtu mzima, alikuja gatini amevaa nguo nyeusi. Walikuwa wamemzika juzi yake. Bwana akavua kofia, akauliza kama mama aliacha neno.

Kiingereza changu kilikuwa cha jikoni, lakini siku ile nilielewa kila kitu. Mpishi hakumwonea haya. Alisema mama alipopata simu aliomba achanwe nywele. Mashua ya mbuzi ilipoonekana, aliomba aketishwe dirishani. Akatazama watu wakishuka, akatazama mbuzi wakishushwa mpaka wa mwisho. Halafu akasema, "Nilazeni." Hakuuliza tena habari za mashua yoyote.

Nililia mimi, nisiyemjua! Memsahibu akaniambia nisimtishe mtoto. Meli ilipopita tena kutuchukua, bwana alikuwa ameshapiga picha ya kaburi, na memsahibu ameshachagua vyombo vya marehemu avitakavyo. Ndiyo ziara yenyewe hiyo.

Tuliporudi Arusha, wageni wakaja kunywa chai barazani. Mmoja, mama mzee mwenye huruma, akamuuliza bwana taratibu, "Lakini ulimkuta hai?"

Bwana akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Hapana," akasema. "Bahari ilichafuka. Hakuna chombo kilichoweza kuvuka."

Wote wakampa pole. Na yeye akaipokea, akainamisha kichwa kabisa, mwana mwenye uchungu. Mimi nimesimama nyuma yake na birika, mdomo nimeufunga kwa sababu nilihitaji kazi.

Mbuzi walivuka, nyie. Mbuzi!