Siri Tuliyomfichia Afande

Mume wangu alipopelekwa kambi ya kaskazini, mimi nilibaki Timbwani, Likoni, nyumbani kwa mamake. Ndoa yetu ilikuwa mbichi. Hina ya harusi ilikuwa haijanitoka kuchani. Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea ukingoni. Mama mkwe aliniacha nilie siku chache, kisha Alhamisi moja baada ya alasiri akanitupia buibui langu akasema, "Inuka. Mke wa askari hakai peke yake."

Nje barazani palikuwa na wanawake wamekaa mkekani. Walikuwa wake, wajane na mama za askari, na mama mkwe wangu ndiye aliyewaongoza, kwa kuwa marehemu mumewe alipigana vita vya Bama, vile vya pili vya dunia, na kurudi na mguu uliokauka. Hawakuwa na afisi wala mhuri. Walishona makuti ya kuezeka nyumba ya asiyeweza kupanda paa, wakachota maji, wakakesha na wagonjwa, wakamsindikiza mjane kwenda kuuliza haki za mumewe ili asiende kusimama mbele ya maafisa akiwa pekee. Wengi tulikuwa Waislamu wa papo hapo Likoni, lakini alikuwamo mama mmoja wa bara, Mkamba, ambaye mwanawe alikuwa jeshini. Tuliposoma Fatiha alikuwa akiinamisha kichwa akangoja tumalize, kisha anasema "Amina" kwa sauti kubwa kuliko sisi sote.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa mtu tuliyemwita Afande. Alikwenda jeshini kijana, akapelekwa vitani kule mpakani kaskazini, na bomu lililofukiwa njiani likampofua macho yote mawili. Wakati huo alikuwa ameshaoa. Jamaa za mkewe walimshauri mwanamke adai talaka angali mbichi, naye akawajibu kwamba yeye hakuolewa na macho. Hawakujaliwa mtoto. Afande alikuwa akikaa kizingitini akisokota kamba za makumbi ya nazi, na kila baada ya muda akiita, "Mke wangu!" naye kutoka jikoni huitika, "Abee!" Mara nyingi hakuwa na la kumwambia. Alitaka tu kujua yupo.

Mwanamke huyo hakuwa mtu wa kuomba. Alikuja kikundini kusaidia wenzake, hakuja kusaidiwa. Ndiyo sababu niliona ajabu siku alipobaki nyuma wenzake walipoondoka, akamwomba mama mkwe waingie chumbani. Nilitaka kutoka, akasema, "Kaa, mwanangu. Nawe utatumika."

Akafungua kanga yake kifuani. Ziwa lake la kushoto lilikuwa gumu, limevutika kwa ndani, na chini yake pana kidonda. Nilishika ukingo wa kitanda.

"Tangu lini?" mama mkwe akauliza.

"Tangu mfungo wa mwaka jana."

"Na mumeo?"

"Hajui. Wala asijue."

"Mamangu, mtaishi vipi hivyo?"

"Vita vilimchukua macho, amebaki kunitazamia mimi tu. Akijua naondoka, atakufa kabla yangu. Niachieni acheke siku hizi zilizobaki. Naomba hilo tu."

Tulimvusha feri tukampeleka hospitali, mimi na mama mkwe. Afande tulimwambia tunakwenda arusini. Daktari alimpima, akasema maradhi yamekwisha kusambaa, akampa vidonge vya maumivu. Tuliporudi, Afande aliuliza, "Bibi arusi alikuwaje?" Mkewe akakaa karibu yake akamsimulia maharusi, nguo, biriani na vifijo, mpaka mimi nikatoka uani nikajifuta machozi kwa pembe ya kanga.

Tangu hapo kikundi kizima kikaingia nyumba ile. Mama wa bara alichukua vitambaa vya kidonda akavifua kwake, akavianika mbali. Mwingine alichota maji. Mwingine alifukiza udi asubuhi na jioni. Mimi nilipewa jiko. Nilipika nikinyamaza, nikiweka sufuria polepole, na chakula kikiwa tayari mkewe huinuka kwa kujikongoja, akapakua, akampelekea yeye mwenyewe. Afande alikuwa akila, ananawa, kisha anasema, "Mungu aibariki mikono iliyopika." Mkewe huitikia, "Amin," akanitazama mlangoni.

Jambo lile lilinikera. Nilipomtazama mke wa Afande nilijiona mimi mwenyewe, na mume wangu yuko kule kule kaskazini ambako Afande alipoteza macho. Siku moja tukichambua mchicha nilimwambia mama mkwe, "Yule bwana ana haki ya kujua."

"Anayo," akasema.

"Basi mbona hatumwambii?"

"Siri ya mgonjwa ni amana, mwanangu. Amana haifunguliwi na aliyewekewa." Akaendelea kuchambua.

Mke wa Afande alituondokea mwishoni mwa masika, asubuhi, jua limetoka baada ya mvua ya siku nyingi. Nilikuwa nikikuna nazi uani. Nikamsikia Afande akiita kizingitini, "Mke wangu!" Kimya. Akaita tena, safari hii taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha aliyelala. Nilipoingia chumbani nilimkuta mkewe amelala ubavu, uso umeelekea mlango. Nikatoka mbio kumwita mama mkwe, na nilipopita kizingitini Afande hakuniuliza kitu. Alikuwa ameweka kamba chini, mikono iko magotini.

Wanawake walikuja. Mfuo ukachimbwa uani ili maji ya kuoshea maiti yaingie, kitanda kikawekwa juu yake, shuka zikatundikwa pande zote kusitiri. Mama mkwe alikuwa amekwisha kutia majani ya mkunazi majini Afande alipokuja akiongozwa na sheikh wa msikiti wetu.

"Nataka kumwosha mke wangu," akasema.

Tukatazamana. Sisi hatukuwa tumeona jambo hilo. Sheikh akasema, "Sheria inamruhusu mume. Msimzuie." Akaturudishia shuka akaondoka.

Nilimwona mama mkwe akifikiria lile lile nililofikiria mimi, kwamba mikono ya Afande itafika pale penye kidonda. Akamkaribia akasema, "Mwanangu, niache mimi mama yako nikuoshee. Wewe ukae uombe."

"Mama, ameniosha uso tangu nilipotoka vitani. Na mimi nimwoshe mara moja."

Basi tukamfunga kitambaa mkononi kama inavyotakiwa. Mama mkwe alimwaga maji, mimi nikashika shuka ya kumsitiri maiti, naye akaanza kichwani. Aliosha uso, nyuma ya masikio, shingo, bega la kulia, mkono, kidole kimoja kimoja. Hakuwa na haraka. Alipogeuka upande wa kushoto mama mkwe aliacha kumwaga maji. Mkono ule ulishuka kutoka begani ukafika kwenye kidonda. Ukasimama hapo.

"Mwagia, mama," akasema. "Hapa napajua."

Mama mkwe hakuweza. Kata ya maji ilimtoka mkononi. Niliiokota mimi nikamwaga maji, naye akaosha pale kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kumwumiza aliye hai.

Baada ya mazishi, wanaume walipotawanyika, mama mkwe alimwendea Afande mkekani akakaa chini mbele yake. "Niwie radhi," akamwambia. "Ni mimi niliyewaamuru wanyamaze."

"Hamkunificha kitu," akasema Afande. "Mimi sioni, lakini napumua. Udi haufuniki kidonda. Na mchuzi ule ulikuwa wa mtu mwingine, tui lake zito mno. Mke wangu alikuwa akizimua tui. Nilijua tangu kabla hamjampeleka hospitali."

"Sasa mbona hukumwambia?"

"Nilimngoja aniambie yeye. Nikasema moyoni, kama hili ndilo linalomtuliza, nimwachie. Nikauliza habari za bibi arusi, nikacheka. Yeye akinihurumia, na mimi nikimhurumia. Tukapitisha mwaka mzima tumelala kitanda kimoja, kila mtu analia upande wake." Akajipangusa uso. "Nilikuwa na maneno ya kumwambia, mama. Ya shukrani. Sasa nitampa nani?"

Mama wa bara, aliyekuwa amekaa nyuma yetu, alijifunika uso kwa leso yake.

Kikundi hakikuvunjika, lakini mama mkwe hakuwa yule yule. Mgonjwa yeyote aliyetaka tumfichie mwenzake siri, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Nitakusaidia kwa kila kitu isipokuwa hilo." Wengine walikasirika wakatuacha. Hakuwafuata.

Mume wangu alirudi likizo baada ya mfungo mosi, mwezi wa Idi. Nilimwita nikiwa upande wake wa kushoto, hakugeuka. Nikamwita tena, ndipo nikajua sikio moja limekufa, naye hakuwa ameniandikia neno. Nilikaa mbele yake nikamsimulia yote ya nyumba ya tatu, mwanzo hadi mwisho. Alinisikiliza kwa sikio lake zima. Nilipomaliza, akaanza kunieleza habari ya mlipuko uliomziba sikio, na mwenzake aliyekuwa karibu yake.

Afande tulimpikia muda mrefu. Alikula kidogo, akashukuru, wala hakuita mtu tena kutoka kizingitini. Mwishowe ndugu yake akaja kutoka mashambani, upande wa Kwale, akasema hawezi kumwacha kipofu peke yake mjini. Tulimkunjia nguo, tukamfungia vyombo vichache, na mama mkwe akamfungia furushi la mahamri ya njiani. Alituaga mmoja mmoja, akitutambua kwa sauti zetu bila kumkosea mtu. Aliponifikia mimi akasema, "Wewe ndiye wa tui zito. Mungu akubariki."

Habari ya kufa kwake ilitufikia amekwisha kuzikwa. Tulikaa barazani Alhamisi ile tukamsomea hitima sisi wenyewe, na mama wa bara akaja na sukari ya chai, akakaa nasi mpaka maghribi.