Wembe, Povu la Kunyolea na Manifodi Iliyopinda

Shemeji yangu ni kinyozi, watu wanamwita Wembe, na kama umewahi kukaa kwenye kiti chake unajua kwamba kichwa chako ni kisingizio tu. Anachotaka yeye ni masikio. Anakufunga kitambaa shingoni, anakushika kidevu usikimbie, halafu anaanza habari za gari lake. Kuna watu waliingia pale kupunguza nywele wakatoka na upara, kwa sababu Wembe alikuwa amefika kwenye habari za gia.

Kamuoa dada yangu mkubwa, kwa hiyo nina haki ya kumsema, naye ana haki ya kunisema. Mimi nachomelea mageti. Shule tuliachana mapema bila ugomvi, lakini ukija kwenye moto na chuma sina mpinzani. Mwizi akiliona geti langu anageuza, siyo kwa woga, kwa heshima.

Gari lenyewe ni la zamani, pua ndefu, taa za mviringo. Lilikuwa la mteja wake, mwalimu mstaafu aliyekuwa anahama na hakuwa na pa kulipeleka. Wembe alilisukuma mpaka nyumbani na wateja wawili waliokuwa wamenyolewa upande mmoja. Tangu hapo likakaa uani, kati ya kamba ya nguo na tangi la maji, na kila akitoka kazini analipangusa kwa brashi ile ile ya kufagia shingo za watu. Injini ilikuwa nzima. Kilichooza ni manifodi, lile bomba lenye matawi manne linalokusanya moshi wa injini na kuupeleka kwenye ekzosi.

Dada alivumilia weee, mwisho akasimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Baba watoto, Jumamosi gari likitoka getini lenyewe, libaki. Lisipotoka, nampigia mtu wa vyuma chakavu, na hapo najenga banda la kuku."

"Mke wangu, kuku na gari wapi na wapi?"

"Kuku anataga."

Wembe akachukua brashi yake, akaenda kulipangusa gari. Bahati nzuri manifodi mpya alishaiagiza, na kesho yake ikafika. Boksi lilikuwa zuri kuliko chumba changu cha kulala. Limeandikwa kwamba kitu kinaingia moja kwa moja, huhitaji kubadilisha chochote. Tukafungua, kweli kinang'aa kama sufuria ya maharusi. Wembe akakibusu.

"Futa mdomo," nikamwambia. "Una rangi ya fedha."

Rangi ilikuwa imebanduka ikabaki kwenye midomo yake. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu ya kwanza. Tukaiweka kwenye injini: matundu ya bolti yanatazama kwingine kabisa, kama watu waliogombana. Lile bapa la chuma linalotakiwa kulala juu ya injini lilikuwa limepinda kama ndizi. Bomba moja limeegemea stata, ile mota ya kuwashia injini. Ndani ya matawi, aliyechomelea kaacha mabonge kama mtu aliyetafuna ubani akatema.

Wembe akampigia muuzaji, simu kaiweka sauti ya juu nisikie.

"Kaka, manifodi yako imepinda."

"Haiwezi kupinda hiyo, bosi. Angalia injini yako."

"Injini ipinde?"

"Magari ya zamani yana mambo, bosi," akasema muuzaji, na simu ikakatika.

Wembe alikuwa na haraka, akalazimisha. Akapanua matundu kwa tupa, akakaza bolti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akawasha. Jamani! Uani pakawa kama mtu anakaanga bisi. Moshi unatokea kila mahali isipokuwa kwenye ekzosi. Mwenyewe kasimama anatabasamu.

"Unasikia nguvu hiyo, shemeji?"

Dada akachungulia dirishani. "Kuku wangu watapenda sana hapo."

Tabasamu likamtoka. Akakaa juu ya ndoo, mikono magotini. "Shemeji, nisaidie. Nikilipoteza hili, pale saluni nitaongea nini?"

Niliona kweli hiyo ni hatari kwa jamii nzima. Nikaifungua manifodi, nikachukua grainda ya kukatia chuma, nikalikata lile bapa kati ya tawi na tawi, ili kila bomba lilale lenyewe bila kumvuta jirani. Bomba la kwenye stata nikalikata, nikalichomelea upya likielekea kwingine. Mabonge ya ndani nikayasaga. Kazi safi, hata mimi nilijipongeza, tena kwa sauti.

Lakini tutajuaje kama weldi za kiwandani, pale mabomba yalipochomelewa, zinashika? Hapo nampa Wembe haki yake, na naitoa kwa uchungu. Alikwenda saluni akarudi na drya ya nywele na povu la kunyolea. Midomo ya matawi tukaiziba kwa mpira wa tairi na mbao. Kwa nyuma akachomeka drya, upepo wa baridi, akaizungushia taulo. Halafu akaanza kuipaka povu, taratibu, kwa brashi, kona kwa kona, kama anamnyoa bwana harusi.

"Kidevu juu," akaiambia manifodi.

Povu likaanza kupumua. Hapa kipovu, pale kipovu, kule linatema kabisa. Weldi zilikuwa chujio la chai! Kila panapovimba Wembe anapachora chaki, anapafuta, mimi napachomelea. Anapaka tena, anainama, anasikiliza. Tulirudia mpaka povu likatulia tuli kama maziwa ya mgando, ndipo tukaifunga tena kwenye injini.

Jumamosi ikafika, na dada kakaa kwenye kiti uani, simu mkononi, namba ya mtu wa vyuma chakavu iko tayari. Wembe akageuza ufunguo. Gari likakohoa mara moja, likasafisha koo, halafu likanguruma, zito, taratibu, moshi wote nyuma unakotakiwa. Akalitoa getini, akazunguka mtaa, akarudi anapiga honi kama anatangaza uchaguzi.

Dada akasimama. Akalizunguka. Akainama kusikiliza boneti.

"Haya. Linabaki."

Wembe akaruka. Akanikumbatia, nywele zote za wateja kwenye aproni yake ya kazini zikahamia kwangu.

"Linatembea vizuri?" dada akauliza.

"Kama siagi, mke wangu!"

"Shuka basi." Akanyoosha mkono, akachukua ufunguo, akaingia, akarekebisha kioo. "Sokoni nakwenda kwa miguu miaka yote hii. Leo nakwenda na gari langu."

"Lako?"

Lilishavuka geti. Wembe kabaki barabarani, brashi mkononi, anasikiliza mlio ukipotea kwenye kona.

"Lakini umesikia, shemeji?" akaniambia. "Halivuji hata kidogo."