Mikunjo ya Nyama ya Ngege

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo mkono huja wenyewe mdomoni, kama wa mtu aliyeona kisichowezekana. Nilikuwa mwanafunzi wa biolojia chuoni kule Maseno, miaka ya tisini, katika mwaka wangu wa mwisho, kijana mwenye elimu nyepesi na uhakika mzito.

Mwalimu wetu, Daktari Awuor, mama mwenye mvi aliyekuja kila asubuhi kutoka Milimani kwa gari lake dogo, alikuwa ametupa kazi ya kuchunguza utando wa seli, yaani ile ngozi nyembamba mno inayoizunguka kila chembe hai ya mwili. Kila mmoja wetu alikata ukanda wa msuli wa ngege, yule samaki wa ziwani, akaubana kwa pini juu ya nta, akautia katika dawa ya kuhifadhi. Kisha vipande vilipelekwa Nairobi kwenye darubini ya elektroni, nasi tukasubiri picha.

Sasa nikueleze jinsi nilivyoubana wangu, maana hapo ndipo penye jambo. Mimi ni mzaliwa wa Dunga, ukingoni mwa ziwa, na mama yangu alikuwa mwanikaji wa obambla, samaki aliyepasuliwa na kufunuliwa bapa. Kabla ya kumweka juani, alimtanua kwa vijiti mpaka nyama ikakaza kama ngozi ya ngoma. “Mkunjo ni nyumba ya nzi,” alizoea kusema, na ukibakiza mmoja, mgongo wako ulijua. Mkono wangu ulilelewa hivyo. Niliuvuta ukanda ule mpaka ukanyooka kabisa, ukanipendeza. Rafiki yangu Odhiambo, mtoto wa wakulima wa miwa karibu na Awasi, aliulaza wake taratibu, kama alazwavyo mtoto mchanga, akaubana pasipo kuuvuta.

Picha ziliporudi, utando wangu ulikuwa kama mstari uliopigwa kwa rula. Wa Odhiambo ulijaa vishimo, kimoja baada ya kingine, kila kimoja mfano wa kibuyu kidogo chenye shingo nyembamba na mdomo uliofunguka nje.

Maabara nzima iliangua kicheko.

“Omera, ndugu yangu, hiyo samaki yako ilikuwa na ndui?”

“Ungeipeleka hospitali kwanza, ndio uilete hapa!”

Nami nilicheka, mwanangu. Odhiambo hakucheka. Aliyeharibu kazi ile angerudia mwaka, na baba yake alikwisha kumwambia kwamba mwaka mwingine haupo.

“Nyar Dunga,” aliniambia polepole, akiniita binti wa Dunga kama kawaida yake, “sanduku nimeshafunga. Kesho naenda nyumbani kukata miwa.”

“Ngoja Daktari aone kwanza.”

“Aone nini? Kwani nyinyi wote hamna macho?”

Daktari Awuor aliingia, akavaa miwani, akazipitia picha moja moja. Alizitenga mbili, yangu na ya Odhiambo, akatuita mbele. Nilinyoosha gauni langu, nikijiandaa kusifiwa.

“Hii ni ya nani?” akauliza, akiinua yangu.

“Yangu, Daktari.”

“Msuli uliuvuta?”

“Ndiyo, Daktari. Ili uwe safi.”

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ilinitisha kuliko hasira. “Binti yangu, huu ndio ulioumizwa.”

Niliinama kuitazama. Daktari akaweka ukucha wake pembezoni mwa picha yangu, na pale nilipodhani ni doa la karatasi, nikaona utando umechanika.

“Na hivi mnavyoviita ndui,” akaendelea, akiiinua picha ya Odhiambo, “ndivyo alivyoumbwa navyo samaki. Wataalamu huviita kaveola, maana yake mapango madogo. Vimo katika misuli, katika seli za mafuta, katika kuta za vijishipa vya damu. Tunaamini vingine hufumba midomo na kuvusha mizigo kutoka upande mmoja wa seli hadi wa pili. Tena msuli ukivutwa, vibuyu hivi hukunjuka, utando ukapata nafasi ya kurefuka. Ukishavikunjua vyote, ukaendelea kuvuta, kinachofuata ni kuchanika.”

Odhiambo alikuwa amekodoa macho. “Kwa hivyo, Daktari, mimi sirudii mwaka?”

“Urudie kwa kosa gani? La kutomtesa samaki?”

Alikaa chini palepale sakafuni, mtu mzima na ndevu zake, akajifunika uso kwa viganja. Waliocheka awali walikuwa wakiinamia picha zao, kila mmoja akitafuta vibuyu vyake.

“Wewe kesho ulete ngege mwingine,” Daktari akaniambia, “na mara hii umwache ajikunje apendavyo.”

Nilipokwenda Dunga kumsimulia mama, hakuacha kupasua samaki wake. “Wangu nawatanua kwa sababu wamekufa,” alisema. “Maiti ana haja gani ya kubakiza mkunjo?”

Mwanangu, maneno hayo yalinishtua mara ya pili, na mshtuko huo haujanitoka. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Utakutana na watu walionyooka, wasio na kovu wala kasoro, ukatamani kufanana nao. Kumbe wengine wamekwisha kuvutwa mpaka ukomo, na mpasuko wao uko pembezoni ambako hakuna atazamaye. Utakutana pia na wenye mikunjo: apumzikaye bila aibu, asemaye “sijui”, akataaye mzigo wa pili. Usiwacheke. Akiba haiozi, na hiyo ndiyo akiba yao. Nawe, kazi ikikuvuta, ndoa ikikuvuta, watoto wakikuvuta, refuka, lakini usikubali mtu akunyooshe mkunjo wa mwisho, hata akikuambia kwamba ndio usafi.

Mungu akujalie mikono ya kukulaza taratibu, na siku utakapovutwa, akukute bado una mahali pa kurefukia.