Matanga Bila Maiti

Nilikuwa sijatimiza miaka miwili tangu kuolewa Kolo, na mimba yangu ya kwanza ilikuwa imeanza kuonekana, wifi yangu alipopiga yowe mtoni. Huo ulikuwa wakati wa Mdachi. Boma lake lilikuwa Kondoa, lakini sisi wa vilimani tulimjua zaidi akida wake, mtu wa pwani mwenye kanzu safi na sauti ya upole, ambaye hakuja kwetu bila askari.

Msimu ule wa mavuno akida alikuwa ametaka mtoto. Tarishi wake alimwambia wifi kwamba binti yake, ambaye alikuwa hajavunja ungo, apelekwe kwa akida akalee watoto. Ilisemwa kama heshima. Lakini msichana aliyemtangulia, wa kijiji cha ng'ambo, hakuonekana tena, na baba yake alipokwenda kumwulizia alirudi mgongo umechanika kwa viboko. Wifi alikuwa mjane. Alimjibu tarishi, "Tutamleta tukimaliza kuvuna," akampa togwa anywe.

Mtama ulikuwa bado shambani yowe lilipopigwa. Niliacha jiwe la kusagia nikakimbia na wenzangu. Tulimkuta wifi amekaa mchangani, kibuyu cha mtoto kimepasuka kando yake, nguo ya mtoto ameipakata, ina damu.

"Fisi," alisema. "Fisi amemchukua mwanangu."

Wanaume waliingia vichakani na mikuki na mbwa. Sisi tulilia. Nililia kweli, maana mtoto yule ndiye aliyenizoea kwanza nilipofika ugenini, na ndiye aliyenisuka nywele.

Jua lilizama hawajapata hata mfupa, na hapo maneno yakaanza. Fisi gani huyu wa mchana kweupe? Nguo mbona haikuchanika? Wapo walionong'ona kwamba wifi amemficha mtoto, na wengine wakasema amemtoa kwa wapagazi wa msafara. Kisha mtu mmoja akasema huyo si fisi wa porini, ni fisi wa kufugwa na mchawi. Neno hilo lilipendwa kuliko yote, kwa kuwa halikumlazimu mtu kumkabili mama mtu.

Pembeni mwa kijiji aliishi bibi mmoja peke yake. Alikuwa mkunga, na ndiye aliyekuwa akiniangalia tumbo. Siku ile ya kilio hakuwapo, na aliporejea, siku kadhaa baadaye, alikuwa na vumbi mpaka magotini. Alisema alikwenda kuchimba dawa. Kikapu chake kilikuwa kitupu, na kila mtu alikiona.

Nilimwambia mume wangu tulipobaki wawili, "Dada yako analia watu wakija. Wakiondoka ananyamaza."

Akanishika mkono mpaka ukauma. "Ukilisema hilo tena, hata kwa mama, utatuua wote."

Hakuwa mtu wa kunishika vile. Sikuuliza tena.

Habari ikaja kwamba akida atapanda kutupa pole. Wazee wakaamua matanga yawekwe haraka, mbuzi achinjwe, Kurani isomwe. Nilipotaka kukaa na wanawake wenzangu, mama mkwe alinizuia mlangoni.

"Wewe una mimba. Usikalie mkeka huu."

"Kwa nini, mama? Mtoto si wetu?"

"Nimesema usiukalie."

Basi nilisimama ukutani, ndiyo maana niliyaona yote.

Akida alifika na askari wake. Aliitikia Fatiha, akala nyama taratibu, akanawa, akafuta ndevu. Kisha akauliza, "Kaburi liko wapi?"

Mwalimu wa Kurani akajibu kwamba hakikupatikana cha kuzika.

"Hata fuvu?" Alimgeukia wifi. "Basi apa, mama. Apa mbele ya msahafu huu kwamba mwanao amekufa, nami nitaondoka."

Wifi alinyoosha mkono, nao ukaishia hewani bila kufika kwenye msahafu. Nilifikiri moyoni, leo matembe yetu haya yatachomwa moto yote.

Ndipo mwanamume mmoja akaruka juu. "Bwana akida, aliyemla mtoto tunamjua! Ni yule pale!" Alimnyooshea kidole mkunga, aliyekaa nyuma ya wanawake. Sijajua mpaka leo kama aliamini alichosema, au alitaka kutuokoa.

Watu walisimama kwa pamoja, kama waliokuwa wakingoja. Akida akamwuliza bibi, "Siku ile ulikuwa wapi?"

Bibi alimtazama wifi. Wifi akatazama chini.

"Nilikwenda njia zangu," akasema.

"Na mtoto?"

"Mwulize fisi."

Walimfunga kamba, na alipokuwa akishushwa bondeni watu waliokota mawe, wakiwamo wale aliowapokea yeye mwenyewe walipozaliwa. Wifi alibaki mkekani amejifunika uso. Akida hakumtafuta mtoto tena. Kabla ya mvua za kwanza tulisikia bibi amefia kifungoni Kondoa. Mimi nilizalishwa na mwanamke wa kijiji kingine, ambaye kutwa nzima hakunisemesha.

Miaka ikapita, vita vikaja, Wadachi wakakimbia na akida wao. Asubuhi moja wifi akapiga yowe lile lile. Tulitoka mbio. Uani kwake alisimama mwanamke kijana, mtoto mgongoni, mzigo kichwani. Wengi walimtambua mara moja, na wengi wakarudi ndani wakafunga milango.

Alikuja akanipigia goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Nilimgusa mashavu, yalikuwa na joto.

"Bibi mkunga yuko wapi? Nimemletea chumvi ya Ugogo. Ndiye aliyenipeleka kule, nilipochoka akanibeba mgongoni, mzee vile."

Aliyemnyooshea bibi kidole alikuwapo, akageuka akaenda zake shambani. Wifi ndiye aliyemwambia, baadaye, wakiwa wamejifungia ndani. Sikusikia maneno yao. Kesho yake binti alimfunga mtoto mgongoni akarudi Ugogo. Chumvi aliiacha mlangoni kwenye tembe la bibi lililokwisha kuanguka paa, na mvua ikaiyeyusha, maana hakuna aliyethubutu kuigusa.

Wifi tuliishi naye mpaka alipokufa. Hakuhudhuria tena matanga ya mtu yeyote. Na wenzetu, waliomwona binti yule kwa macho yao wenyewe, waliendelea kuwakataza watoto wao kupita karibu na tembe lile, wakiwaambia kwamba pale palikaa mchawi aliyekula watoto.