Grafu ya Mahamri Yaliyobaki

Mama yangu huamka kabla ya adhana ya alfajiri kuchoma mahamri. Kwa miaka yote ninayoikumbuka, amewahi kukosa kuchoma kwa sababu ya homa, kwa sababu ya matanga na kwa sababu ya Idi, lakini hajawahi kukosa kwa sababu ameamua tu kukaa. Meza yake iko kando ya barabara hapa Msambweni. Mbaazi za nazi huwa ndani ya sufuria, mahamri ndani ya ndoo nyeupe yenye kifuniko, na wateja ni walimu, wauguzi wanaotoka zamu na vijana wa bodaboda wasiopenda kukaa kwenye benchi.

Dada yake, mama mkubwa, anaishi Shimoni. Si mbali, lakini hawaonani. Kila wiki mama mkubwa hupiga simu kuuliza, "Lini utakuja kuniamkia?" na mama humjibu vilevile: "Nikija, nani atachoma?"

Mimi ndiye mwana wa mwisho wa mama, na kazi yangu ni kuosha ndoo. Kwa hivyo mimi ndiye ninayejua mahamri mangapi yamebaki, kwa kuwa yaliyobaki huyala mimi.

Niseme pia kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikimwandikia mtu ujumbe wa salamu huusoma tena na tena kabla sijautuma, na nikishautuma huusoma tena kutafuta kosa. Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nilijifunza peke yangu, kwanza kwa simu yenye kioo kilichopasuka, kisha kwa laptopu kuukuu niliyoipata Ukunda. Nimeandika programu nyingi ambazo hakuna aliyewahi kuziona, maana hakuna hata moja niliyoona imekamilika.

Siku moja mama alirudi kutoka mezani ameshika kiuno. Nikamwambia, "Mama, si upumzike hata siku moja kwa wiki?"

"Siku ipi, baba?" Huniita baba kwa sababu nimerithi jina la baba yake. "Kila siku ina watu wake."

"Ziko siku yanabaki mengi. Si mimi ninayeyala?"

"Kula ni kula, si hesabu. Nionyeshe."

"Nikikuonyesha utapumzika?"

Akacheka. "Nionyeshe hiyo siku kwa macho yangu, Jumamosi jioni, kabla sijatia hamira. Nikishatia hamira, maneno haya yamekwisha, na usinirudishie tena."

"Wallahi?"

"Siapi kwa ajili ya mahamri. Lakini neno langu unalijua."

Nilikuwa nalijua. Na hesabu nilikuwa nayo. Tangu nianze kujifunza nilikuwa nikitafuta takwimu za kuchezea, na za ndoo ndizo zilizokuwa karibu: tarehe, na idadi ya mahamri yaliyobaki. Kilichokosekana kilikuwa picha tu. Niliamini picha ni kazi ya dakika chache.

Jumamosi baada ya adhuhuri nikafungua laptopu sebuleni. Dada yangu mkubwa, ambaye hupamba maharusi, alikuwa amekaa sakafuni akijaza hina kwenye vikoni vya plastiki, vile vyenye ncha vya kuchorea. Python yenyewe haichori. Ukitaka grafu, huna budi kuiwekea maktaba ya kuchorea, yaani kazi ambazo watu wengine walishaziandika, nawe unaziazima. Nikaiagiza. Ikashuka taratibu, ikala bando, mwisho ikatangaza kwamba imewekwa salama. Nikaendesha programu yangu. Jibu: maktaba hiyo haipo.

Nikaiagiza tena. Jibu: ipo tayari, huna haja ya kuileta. Nikaendesha programu. Haipo.

"Mbona unapumua hivyo?" dada akauliza.

"Inasema ipo. Halafu inasema haipo."

"Kama bwana harusi wa juzi. Kwa simu yuko njiani, ukienda njiani hayupo."

Sikucheka. Jikoni nilisikia mama akichekecha unga. Nilisoma majibu ya watu mtandaoni mpaka nikaelewa, na nilipoelewa niliona haya, kwa sababu kosa lilikuwa la tabia yangu. Miezi michache nyuma niliona Python yangu si ya toleo la karibuni kabisa. Ilifanya kazi vizuri, lakini mimi wazo hilo lilinikosesha raha, nikaweka mpya bila kuiondoa ya zamani. Sasa zilikuwamo mbili. Maktaba ilikuwa inakwenda kwa ile ya zamani, na programu yangu ilikuwa inaendeshwa na ile mpya. Nilikuwa napeleka mzigo nyumba tuliyohama, kisha nakwenda kuupokea nyumba tuliyohamia.

Dawa yake ilikuwa kuiamuru ile mpya yenyewe, kwa jina lake kamili, ijiletee maktaba. Bando likakatika katikati.

"Dada, niwashie hotspoti."

"Nikuwashie, lakini ukiangalia video nitajua."

Maktaba ikamaliza kushuka, na safari hii programu haikulalamika. Haikufanya lolote pia. Mstari wa mwisho ukapita, kishale kikarudi kupepesa, kimya. Kusema kweli ni afadhali kosa lenye maandishi mekundu. Kimya kinanitisha zaidi. Kumbe grafu ilikuwa imeshachorwa ndani, imekaa kama mgeni aliyefika mlangoni asipige hodi. Huna budi kuandika amri ya kuionyesha. Nikaiandika. Hapo nikapewa onyo kwamba kompyuta haina kifaa cha kufungulia dirisha, kwa hivyo hakuna pa kuionyeshea. Jikoni kinu kikaanza: mama anatwanga iliki. Nikatafuta kifaa hicho, nikakiweka, nikaendesha tena nikiwa nimefumba jicho moja.

Dirisha likafunguka. Nguzo saba, zimesimama.

Nilipiga ukelele ambao dada anasema ulisikika barabarani. Kikoni kilimponyoka, hina ikamdondokea gotini, na kwa wiki nzima alitembea na doa la rangi ya machungwa ambalo alimwonyesha kila aliyeuliza na wengi wasiouliza.

"Nini huko?" mama akaita.

"Imetoka, mama!"

"Basi ilete. Lakini hiyo kompyuta yako usiniingizie jikoni, nakamua nazi."

Nikafikiri upesi: nitaihifadhi kama picha, nimtumie kwa simu. Kwenye programu nikaongeza mstari wa kuhifadhi, chini kabisa. Nikaendesha, dirisha likaja, nikalitazama kwa raha zangu, nikalifunga, picha ikahifadhiwa, nikaituma. Nikasubiri sifa.

"Baba," sauti ikatoka jikoni, "mbona umenitumia karatasi nyeupe?"

Nikaifungua picha mwenyewe. Kweli, nyeupe pe. Nikaituma tena, nyeupe tena. Dada akanisogelea, akatazama bila kuelewa hata herufi moja, akaniuliza nieleze ninachofanya, kwa mpango.

"Kwanza naionyesha. Halafu nafunga dirisha. Halafu naihifadhi picha."

"Unafunga kisha ndio unapiga picha?"

"Ndiyo."

"Mdogo wangu, bibi harusi hupigwa picha akiwa bado amekaa. Ukingoja ashuke jukwaani, utapiga picha kiti."

Nikauhamisha mstari wa kuhifadhi, nikauweka juu ya ule wa kuonyesha. Picha ikatoka na nguzo zake zote. Dada akarudi kwenye hina yake akiimba.

Bado chini ya nguzo palikuwa na tarakimu, sifuri mpaka sita, badala ya majina ya siku. Mama hawezi kupumzika siku iitwayo moja. Hapo ndipo ningepaswa kuandika majina saba na kwenda zangu jikoni. Badala yake nilianza na rangi. Ya kwanza ilikuwa kali. Ya pili ilifanana na sare ya shule. Nikapunguza unene wa nguzo, nikaurudisha. Nikaandika kichwa cha grafu, nikakisogeza, nikaona herufi zimebanana.

"Unga umeshakaa kwenye sinia!" mama akaita. "Sukari imeingia! Tui limeingia!"

"Mama, usitie hamira!"

"Jua linakwenda, baba, halikungoji!"

Mbio mbio nikaandika majina ya siku kama nilivyoyajua tangu utotoni: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, nikaendelea mpaka Ijumaa. Nikahifadhi, nikatuma.

Akatoka jikoni mwenyewe, simu mkono mmoja, pakiti ya hamira mkono wa pili, haijafunguliwa.

"Hii ndefu ndiyo iliyouza?"

"La, mama. Ndiyo iliyobakisha. Ndefu ndiyo mbaya."

"Mbaya, na umeipaka rangi nzuri hivi?" Akaisogeza simu mbali na macho. "Imeandikwa Jumapili."

"Ndiyo."

Sijui alikuwa anaona nini. Mimi nilikuwa naona kwamba herufi za kichwa bado zimebanana. Kisha akaiweka pakiti ya hamira juu ya kabati, akapiga simu.

"Shikamoo, dada. Kesho nakuja. Ndiyo, kesho. Sichomi. Si mgonjwa, naja kukaa tu."

Mama mkubwa alipiga kigelegele ambacho sote watatu tulikisikia, na simu haikuwa kwenye spika.

Nilirudi kwenye laptopu nikiwa nimejaa furaha, nikaitazama grafu yangu kama mtu anavyotazama picha yake mwenyewe. Nikaona Jumatano ndiyo nguzo fupi kuliko zote. Nikaona Ijumaa imebakisha mahamri ya kutosha. Nikakumbuka kwamba katika maisha yangu sijawahi kula hamri lililobaki Ijumaa. Ijumaa ndoo hurudi na harufu tu.

Nikarudi kuisoma programu. Python huanza wiki yake Jumatatu, na hiyo huiita sifuri. Mimi nilikuwa nimezipanga siku kama watu wetu wanavyozihesabu, mosi ikiwa Jumamosi. Kila siku nilikuwa nimeivika jina la nyingine. Nguzo ndefu haikuwa ya Jumapili hata kidogo. Ilikuwa ya Jumanne.

Ningeweza kunyamaza. Mama alikuwa tayari anachagua leso ya kesho, na alikuwa ananong'ona wimbo. Lakini najijua, nisingelala na grafu yenye majina ya uongo.

"Mama, nimekosea. Si Jumapili. Ni Jumanne."

Nikamweleza. Dada alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Saa zote hizo unatafuta rangi, na siku huzijui!"

"Nyamaza, wewe," mama akamwambia, lakini naye midomo ilikuwa inamcheza. "Hebu nionyeshe iliyo sawa."

Nikarekebisha mstari mmoja mbele yake, yeye akiwa ameniinamia begani, ananukia iliki. Majina yakahama. Jumanne ikasimama na nguzo yake ndefu.

"Kumbe Jumanne," akasema. "Kweli. Jumanne huwa nakaa mpaka jua linanipiga utosini."

"Kwa hivyo kesho unaweza kuchoma. Hujachelewa, hamira iko pale juu."

Akanigeukia kana kwamba nimemtukana. "Nichome? Nimeshamwambia dada yangu nakwenda. Ameshaagiza pweza. Neno langu silirudishi."

"Na Jumanne?"

"Jumanne umenionyesha kwa macho yangu. Si ndivyo tulivyopatana?"

"Siku mbili, mama? Na wateja wa Jumanne?"

"Utawachomea wewe. Si umesema ni wachache? Hata ukiharibu, utawaharibia wachache."

Tui lilikuwa limeshaingia kwenye unga, na hamira haikuwamo. Tukapika chapati za maji usiku ule, zikatushinda kumaliza, tukawapa majirani. Kesho yake mama alikwenda Shimoni na leso mpya, akarudi jioni sauti imemkauka kwa kuzungumza.

Jumanne nilichoma. Nilikanda jana yake chini ya usimamizi wake, lakini alfajiri aliniacha peke yangu, kama alivyoahidi. Nilipofika pa kukata vipande nikaona havilingani, nikaenda kuchukua rula. Dada alinipiga picha nikipima unga kwa rula, na picha hiyo ukoo mzima umeshaiona. Rula haikunisaidia. Mengine yalifura kama yalivyotakiwa, mengine yalibaki bapa, na moja lilifura upande mmoja likawa linaelea kwenye karai limeinama. Kutoka chumbani, mama akiwa bado kitandani, sauti ilikuja: "Punguza moto! Nasikia harufu!"

Nikayapeleka mezani hivyo hivyo, sikuwa na muda wa kufanya jingine. Mwalimu mmoja alilinyanyua moja, akalizungusha, akauliza hili ni la nchi gani, akalila, akaomba jingine. Muuguzi aliuliza kwa wasiwasi mama yuko wapi, nikamwambia amepumzika, akasema alhamdulillahi kwa sauti kubwa kama aliyepewa habari za mtoto kuzaliwa.

Jua lilipopanda, mama akaja. Alikuwa ameoga, amejipaka wanja, amejifunga leso ya Shimoni. Hakuja upande wangu wa meza. Alizunguka, akaketi kwenye benchi la wateja, akanyoosha miguu.

"Nipe mbaazi," akasema, "na mahamri mawili. Yale yaliyonyooka, kama yapo."

Nikainama kwenye ndoo kuyatafuta.