Mbio za Aminieli na Zamu ya Maji

Nyie mnaoniandikia kila wiki kwamba spidi na velositi ni kitu kimoja, mnanichosha. Hamsomi. Haya, sikilizeni habari za Aminieli wa Mamba, kijiji cha milimani, zama za Mwingereza.

Huyu hakuwa mtu wa kutembea. Hata kuomba moto kwa jirani, mbio. Sikukuu ya Mfalme alishinda mbio za kuzunguka uwanja kule Same, akapewa kaptura ya kaki. Toka hapo akawa haambiliki.

Mwaka huo mahindi yake yalikuwa yanatoa mbelewele, na jua linachoma. Yakikosa maji wiki ile, yanabaki mabua ya ng'ombe. Maji yalitoka kwenye ndiva, mabwawa ya kijiji, moja la juu, lingine ng'ambo ya bonde. Ukingo ukibomoka, pembe inapigwa palepale bwawani, watu wanakwenda msaragambo, kazi ya pamoja, kuuziba. Kaya ikikosa kazi hiyo, zamu yake ya maji inarukwa.

Asubuhi pembe ikalia. Sasa milima ile ina vituko: pembe inalia huku, sauti inagonga mlima wa pili, inakurudia kutoka kule. Watu hutulia kwanza wasikie vizuri. Aminieli atulie? Na kaptura ile?

"Baba Eliakunda! Pembe ni ya juu!" mkewe Koleta akapiga kelele.

"Mtanikuta hukohuko!" Keshapotea bondeni.

Koleta akabeba jembe, akapanda taratibu.

Ng'ambo Aminieli akakuta ndiva imejaa, imetulia, vyura tu. Akageuka, mbio, mpaka mlangoni kwake tena. Simama hapo. Spidi inauliza unakwenda haraka kiasi gani, basi. Velositi inauliza hivyo na upande unaoelekea. Ukitoka kwako ukarudi kwako, velositi yako ya wastani ni sifuri, hata kama ulimi uko nje.

Alipofika juu, ukingo umeshazibwa.

"Shikamoo, Mzee Asheri," akamwambia mgawa maji, anahema. "Zamu yangu ipo?"

"Marahaba. Ulikuwa wapi?"

"Nimekimbia kuliko hawa wote!"

"Kwani mahindi yako yako ng'ambo?"

Watu wakacheka mpaka wakaegemea majembe. Mzee akamwonyesha Koleta, tope hadi magotini. "Kaya imefika. Maji anafungulia huyu. Wewe mfuate nyuma, na utembee."

Mahindi yakapona. Aminieli akazeeka akijisifu kwamba siku ile hakuna aliyemfikia kwa mbio. Kweli, hakuna.

Sasa wewe unayebisha, chora safari yake yote, kutoka mlangoni hadi ndiva ya juu, unitumie velositi yake. Kama haina mshale wa kuonyesha upande, usinitumie.